Karsandas Mulji na Kesi ya Maharaj

Desturi ya vitabu vya kumbukumbu kama hiki ni kuwasifu waliojenga kuta na kutoa sadaka. Safari hii tumeomba ruhusa ya kusimulia maisha ya mtu ambaye hakujenga hekalu lolote, na ambaye marehemu baba yetu alipomtaja dukani alishusha sauti. Miongoni mwetu wapo wafuasi wa njia ya Vallabhacharya, na tunawaheshimu. Alilolipinga mtu huyu ni mwenendo wa baadhi ya viongozi wa zama zake, wala si imani yenyewe, na yeye mwenyewe alizaliwa ndani ya imani hiyo.

Karsandas Mulji alizaliwa Bombay mwaka 1832, katika jamaa ya Kapol, wafanyabiashara wa Kigujarati. Mama yake alifariki angali mtoto, akalelewa na mzee wa kike wa upande wa mama. Alisoma Elphinstone, shule iliyowatoa wengi wa wasomi wa mji ule. Akiwa kijana aliandika insha ya kutetea haki ya wajane kuolewa tena. Insha hiyo ilipojulikana nyumbani, mlezi wake alimfukuza. Basi hata kabla hajawa mhariri, alikwisha kulipia maneno yake kwa kukosa paa la kulalia.

Mwaka 1855 alianzisha gazeti la kila wiki kwa Kigujarati, akaliita Satyaprakash, yaani Nuru ya Ukweli. Majirani zetu wasio Wahindu huenda wakauliza kwa nini gazeti dogo la namna hiyo liliogopwa. Jibu ni kwamba wakati ule viongozi wa madhehebu yale, walioitwa Maharaj, walikuwa na nguvu kubwa juu ya matajiri wa Bombay. Ushuru wa ibada ulitozwa juu ya biashara ya bidhaa nyingi, na aliyewapinga alitengwa na jati yake. Sisi tulioishi kwa biashara tunaelewa maana ya kutengwa: hakuna mkopo, hakuna mchumba kwa binti yako, na hakuna wa kulibeba jeneza lako. Viongozi hao walifika hata kutaka waumini watie saini hati ya kuahidi kwamba Maharaj hataitwa mahakamani, na kwamba atakayewaandika vibaya atatolewa katika jamaa. Karsandas aliita hati hiyo mkataba wa utumwa.

Mwaka 1860 alikuja Bombay kutoka Surat Maharaj aitwaye Jadunathji Brijratanji. Alijadiliana hadharani na mshairi Narmad kuhusu ndoa za wajane, na mabishano yakahamia magazetini. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo Satyaprakash lilitoa makala iliyodai kwamba mafundisho ya Maharaj yalikuwa yamepotoka kutoka katika dini ya asili ya Wahindu, na kwamba viongozi hao walikuwa wakiwavunjia heshima wanawake waliowajia kwa ibada. Makala haikuficha jina, Jadunathji alitajwa.

Mwezi Mei 1861 Jadunathji alifungua kesi ya kashfa katika Mahakama ya Juu ya Bombay. Alimshtaki Karsandas pamoja na mpiga chapa wake, Nanabhai Rustomji Ranina, ambaye alikuwa Mparsi, akidai fidia ya rupia 50,000. Zilikuwa fedha za kumfilisi mwandishi yeyote wa gazeti dogo.

Hapa yafaa tueleze sheria ilivyokuwa, kwa kuwa ndiyo roho ya kisa. Kwa sheria ya Kiingereza iliyotumika Bombay, aliyechapisha maneno ya kumvunjia mtu heshima hakuokolewa na nia njema. Akijitetea kwa hoja ya ukweli, mzigo wa kuuthibitisha ulikuwa wake, naye alihitaji mashahidi. Na mashahidi wangetoka wapi ikiwa kila aliyejua jambo alikuwa muumini aliyetishiwa kutengwa?

Ndivyo ilivyokuwa hasa. Wakuu wa jamaa ya Wabhatia walikutana wakakubaliana kwamba yeyote atakayetoa ushahidi dhidi ya Maharaj atafukuzwa katika jati. (Ni jamaa ileile ya Jairam Shivji, ambaye nyumba yake ya biashara ilikodi forodha ya Unguja katika miaka hiyo, mambo haya hayako mbali na pwani yetu kama tunavyodhani.) Karsandas hakungoja. Aliwashtaki kwa kula njama ya kuzuia haki, wakapatikana na hatia mbele ya Jaji Joseph Arnould, wakatozwa faini. Kwa maoni yetu huo ndio ushindi mkubwa kuliko wote, ingawa watu huukumbuka kidogo. Bila huo kesi ya pili isingekuwa na mashahidi.

Kesi ya kashfa ilianza kusikilizwa Januari 1862 mbele ya Jaji Mkuu Matthew Sausse na Jaji Arnould. Mashahidi walikuwa zaidi ya 60 kwa pande zote mbili. Wafanyabiashara waliokuwa waumini walisimama wakasema waliyoyajua, kwa aibu kubwa, na Dakta Bhau Daji akaeleza aliyoyaona katika kazi yake ya tiba. Jadunathji naye alipanda kizimbani kuhojiwa, jambo ambalo hati ile ya saini ilikusudia lisitokee kamwe.

Hukumu ilitolewa tarehe 22 Aprili 1862. Juu ya hoja ya ukweli, wadaiwa walishinda. Majaji hawakuafikiana katika kila jambo, na juu ya hoja nyingine mdai alipewa fidia ya jina tu, rupia 5. Jaji Arnould ndiye aliyekubali kwa uwazi zaidi kwamba mhariri anayefichua maovu ya namna hiyo anatimiza wajibu wake. Karsandas aliamriwa alipwe rupia 11,500 za gharama, lakini alikwisha kutumia takribani 13,000. Sisi tuliozoea kufunga hesabu tunaona kwamba hata aliyeshinda alitoka na hasara.

Mwaka uliofuata alisafiri Uingereza kwa shughuli za biashara, akarudi akiwa mgonjwa. Kuvuka bahari kulikuwa kosa lingine mbele ya jamaa yake, na mahakama haikuwa na uwezo wa kuamuru jamaa impokee. Aliandika kitabu cha safari yake kwa Kigujarati, kisha serikali ikampa kazi ya usimamizi katika Kathiawar, kwanza Rajkot, baadaye Limbdi. Satyaprakash lilikuwa limeunganishwa na gazeti la Rast Goftar, ambalo Dadabhai Naoroji alilianzisha. Alifariki Limbdi mwezi Agosti 1871, akiwa na umri wa miaka 39.