Fridtjof Nansen

Fridtjof Nansen alizaliwa mwaka wa 1861 katika Norway, nchi ya kaskazini ya Ulaya, ambako wakati wa baridi ardhi hufunikwa kwa theluji. Mwaka wa 1888 yeye na wenzake watano walivuka Greenland, wakiteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni, jambo ambalo mtu hajapata kulifanya kabla yao. Mwaka wa 1893 akasafiri kwa merikebu iitwayo Fram, akaiacha makusudi igande katika barafu ili ichukuliwe na mkondo wa bahari. Kisha akashuka na mwenzake mmoja kwenda Ncha ya Kaskazini. Hawakuifikia, nao wakapitisha miezi ya giza katika kibanda cha mawe, chakula chao nyama ya dubu.

Watu wengi humsifu kwa safari hizo, lakini kazi yake iliyo kubwa zaidi aliifanya alipokwisha kuota mvi.

Baada ya Vita Kuu iliyokwisha mwaka wa 1918, Shirikisho la Mataifa lilimtaka awarudishe makwao askari waliotekwa vitani. Akawarudisha zaidi ya 400,000. Kazi hiyo haijaisha, njaa ikaingia Urusi mwaka wa 1921. Mvua zilikosekana kando ya mto Volga, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeharibu mashamba; tena serikali ilikuwa imewanyang'anya wakulima nafaka zao. Watu wakala majani na magome ya miti.

Nansen akasimama Geneva mbele ya wajumbe wa mataifa, akawaomba wakopeshe paundi milioni 5, akawaeleza kwamba hiyo ni kama nusu ya gharama ya manowari moja, na ya kuwa nchi za ng'ambo zina nafaka tele. Wakamkatalia. Walihofu kwamba chakula kingeipa nguvu serikali mpya ya Urusi waliyoichukia. Nansen naye hakuwa mfuasi wa serikali hiyo, lakini hakuona sababu ya wakulima kufa kwa ajili ya ugomvi wa wakubwa.

Basi akaenda mwenyewe Volga katika baridi kali, akapiga picha za maiti na za watoto waliokonda, akazunguka miji ya Ulaya akiwaonyesha watu. Wengi wakatoa walichoweza, na vyama vya huruma vya nchi mbalimbali vikapeleka chakula kwa msaada wake. Wamarekani, wakiongozwa na Herbert Hoover, walifanya kazi kubwa kuliko yake: mwaka wa 1922 walilisha watu wapatao milioni 10 kwa siku. Hata hivyo watu karibu milioni 5 walikufa, na wengi wao wangalipona kama msaada ungalifika mapema.

Mwaka ule wa 1922 Nansen alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, akazitoa fedha zake kwa wenye dhiki. Akaanzisha pia hati ya kusafiria kwa wakimbizi wasio na nchi, ikapokewa na mataifa zaidi ya 50. Alifariki nyumbani kwake tarehe 13 Mei 1930, na wakimbizi wakaendelea kuvuka mipaka wakiwa na hati yenye jina lake.