Makhan Singh: Miaka 11 Kizuizini

Wauza mitumba wa Soko la Toi, kule Kibera, wanapoungana kutetea vibanda vyao, wanatumia haki iliyomgharimu Makhan Singh zaidi ya miaka 11 kizuizini. Marehemu alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaja Nairobi mwaka 1927, akafanya kazi katika kiwanda cha kupiga chapa cha baba yake. Mwaka 1935 akawa katibu wa chama cha wafanyi kazi wa Kihindi, akakifungulia mlango mtu wa kila rangi. Wakubwa wa siku zile hawakulipenda jambo hilo hata kidogo.

Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama. Serikali ikakataa kuliandikisha. Aprili 1950, ukumbini Kaloleni, Singh alidai Kenya ipewe uhuru. Mwezi uliofuata wote wawili walikamatwa, na wafanyi kazi wa Nairobi wakagoma siku tisa. Singh alipelekwa Lokitaung, baadaye Maralal, mbali na mkewe na watoto. Aliachiliwa Oktoba 1961.

Cha kushangaza, Serikali huru haikumpa cheo chochote. Alikaa akaandika historia ya vyama vya wafanyi kazi, iliyotoka mwaka 1969, akafariki Mei 1973.