Jim Corbett: Mwindaji Aliyelala Nyeri

Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga. Ndugu msomaji, methali hii niliielewa siku tuliposimama kando ya kaburi moja katika Kanisa la Mtakatifu Petro, Nyeri. Mwenzangu aliguna, eti mkoloni mwenye bunduki ana nini cha kutufunza? Sikuwa na jibu. Niliporudi shuleni nikaanza kusoma.

Jim Corbett alizaliwa mwaka 1875 huko Nainital, kaskazini mwa India. Mwaka 1907 alimuua simbamarara jike wa Champawat, aliyesemekana kuua watu 436. Kumbe meno ya mnyama huyo ya upande wa kulia yalikuwa yamevunjwa na risasi ya zamani! Hakuweza tena kukamata mawindo yake ya kawaida. Binadamu ndiye aliyemharibu.

Mara nyingi Corbett aliwinda kwa miguu, peke yake. Alipiga hatua polepole, akasimama, akasikiliza. Ndege au nyani wakilia kwa hofu, alijua adui yuko wapi. Upepo nao aliuchunga sana, kwani simbamarara mla watu humnyemelea mtu kutoka upande unakoelekea upepo.

Aprili 1930 alikuwa akimsaka simbamarara jike wa Chowgarh, aliyeua watu 64. Mkononi alibeba mayai mawili ya ndege aliyoyaokota njiani. Alipita jiwe kubwa, akageuza kichwa, lo! Mnyama huyu hapa, hatua chache tu, amejilaza tayari kuruka. Angeshtuka, angekwisha. Aliizungusha bunduki kwa mkono mmoja, polepole mno, kisha akafyatua. Mayai hayakuvunjika; aliyarudisha kiotani.

Baadaye aliipenda kamera kuliko bunduki. Alisaidia kuanzishwa kwa mbuga ya kwanza ya taifa ya India mwaka 1936, na tangu 1957 mbuga hiyo ina jina lake. Mwaka 1947 alihamia Kenya pamoja na dadake Maggie, wakaishi Nyeri. Alifariki tarehe 19 Aprili 1955.

Ukoloni siutetei hata kidogo. Lakini kwetu ndovu wamemaliza mahindi ya babu mara mbili, nami niliwahi kuomba wauawe wote. Siku hizi nauliza kwanza: ni nani aliyewafungia njia yao? Hilo ndilo jibu langu kwa yule mwenzangu, ingawa nimechelewa kulitoa. Si nilisema mwenda pole hajikwai?