Ernest Hemingway: safari ya Serengeti na jina lililofutwa kwenye hadithi

Sisi wa Ganako tumezoea kuona magari ya watalii yakipanda kuelekea Ngorongoro. Mwanzoni mwa mwaka 1934 wageni wa huku walikuja kuwinda, na mmoja wao alikuwa mwandishi Mmarekani, Ernest Hemingway. Leo tunasimulia maisha yake, hasa jinsi alivyombadilisha mhusika mdogo katika hadithi iliyotokana na safari hiyo.

Hemingway alizaliwa tarehe 21 Julai 1899 huko Oak Park, karibu na jiji la Chicago. Akiwa kijana alijeruhiwa nchini Italia katika Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye alihamia Paris, Ufaransa, na mwaka 1925 akakutana na mwandishi mwenzake, F. Scott Fitzgerald, ambaye wakati huo alikuwa na jina kubwa kuliko yeye.

Fitzgerald alimsaidia sana. Alimtambulisha kwa mhariri wake, Maxwell Perkins. Pia alisoma mswada wa riwaya ya The Sun Also Rises na kumshauri aukate mwanzo wake. Sehemu hiyo ilieleza kwa urefu maisha ya nyuma ya wahusika wawili, Brett na Mike. Hemingway aliikata, na wahusika hao wakajulikana kwa matendo yao ndani ya hadithi. Kitabu kilitoka mwaka 1926 na kumpa sifa.

Desemba 1933 Hemingway alishuka Mombasa pamoja na mkewe Pauline na rafiki yao mmoja. Akiwa Serengeti aliugua ugonjwa wa kuhara damu, ikabidi ndege ndogo imchukue hadi Nairobi kwa matibabu. Njiani aliuona mlima Kilimanjaro. Alipopona alirudi kwa wenzake, wakaendelea kuwinda hadi maeneo ya Ziwa Manyara.

Kutokana na ugonjwa ule aliandika hadithi fupi, The Snows of Kilimanjaro, iliyochapishwa katika gazeti la Esquire mwezi Agosti 1936. Inamhusu Harry, mwandishi anayekufa porini kwa donda ndugu huku akisubiri ndege. Akiwa amelala kitandani, Harry anakumbuka watu aliowafahamu. Mmoja ni mtu aliyewatukuza matajiri kupita kiasi hadi akavunjika moyo. Mtu huyo hakupewa jina la kubuni. Aliitwa Scott Fitzgerald.

Mistari yenyewe ilikuwa michache, lakini iliumiza. Mwaka huohuo Fitzgerald alikuwa ameandika katika gazeti hilohilo jinsi maisha yake yalivyoporomoka. Vitabu vyake vilikuwa haviuziki, mkewe alikuwa mgonjwa, na pombe ilikuwa imemzidi nguvu. Sasa wasomaji walewale walimkuta tena akitajwa kama mfano wa mtu aliyeshindwa, na aliyemtaja ni rafiki aliyewahi kumshika mkono.

Fitzgerald alimwandikia barua akimwomba aliondoe jina lake hadithi itakapochapishwa kitabuni. Perkins, mhariri wa wote wawili, aliingilia kati. Hadithi ilipotoka katika kitabu mwaka 1938, mhusika huyo aliitwa Julian.

Hadithi haikupoteza chochote kwa mabadiliko hayo. Harry bado anakufa akijutia kipaji alichokipoteza, na Julian bado ni mfano wa mtu aliyepumbazwa na utajiri. Tofauti ni kwamba msomaji wa kitabu hakuwa tena na mtu hai wa kumnyooshea kidole. Huku kwetu pia msimulizi mwenye busara anaweza kueleza kosa la jirani bila kulitaja jina lake, na watoto wakapata funzo bila jirani kuaibika.

Fitzgerald alifariki Desemba 1940, akiwa na miaka 44. Hemingway alirudi Afrika Mashariki, na Januari 1954 akanusurika katika ajali mbili za ndege nchini Uganda. Mwaka huo alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Alijiua nyumbani kwake Idaho, Marekani, tarehe 2 Julai 1961.

Leo wote wawili wanahesabiwa miongoni mwa waandishi wakubwa wa Marekani, na anayesoma hadithi ile ya Kilimanjaro kitabuni anakutana na Julian.