Ibn al-Nafis: Tabibu Aliyeijua Njia ya Pumzi

Jina la Ibn Sina halihitaji kuelezwa kwa wasomaji wa ukurasa huu. Lakini nikiuliza barazani Ibn al-Nafis ni nani, mara nyingi hunyamaziwa. Kwa hivyo leo nataka niyasimulie maisha ya bwana huyu. Kila mgonjwa anayetiwa oksijeni puani, awe Mombasa au London, hutibiwa kwa kutegemea jambo moja: damu hupita mapafuni, hukutana na hewa, kisha ndipo huenda mwilini. Mtu wa kwanza tunayemjua aliyeliandika jambo hilo sawasawa ni Mwislamu, tena mfuasi wa Imamu Shafii kama tulivyo wengi wetu huku pwani. Na kisa chake kina mafunzo juu ya heshima ya kazi: mtu huipata lini, na kwa lipi.

Jina lake kamili ni Ala al-Din Ali ibn Abi al-Hazm al-Qarshi. Alizaliwa karibu na mwaka 1210, yaani 607 Hijria, katika nchi ya Sham, pande za Dameski. Mji huo ulikuwa na hospitali kubwa iliyojengwa na Sultani Nur al-Din Zangi mwaka 1154, ikaitwa Nuri kwa jina lake. Hospitali za zama zile, au bimaristani kama zilivyoitwa, hazikuwa mahali pa kulaza wagonjwa tu. Zilikuwa vyuo pia, na mwanafunzi wa tiba alijifunza kwa kitabu na kwa kitanda cha mgonjwa pamoja. Hapo ndipo kijana huyu alipoisoma tiba, na mwalimu wake alikuwa al-Dakhwar, tabibu mashuhuri aliyefariki mwaka 1230.

Hakutosheka na dawa peke yake. Alisoma nahau, mantiki, hadithi na fiqhi, na kila fani aliyoishika aliishika kwa mikono miwili. Baadaye akahamia Kairo, na huko ndiko nyota yake ilikong'aa. Alipanda daraja hata akawa Raisi wa Matabibu wa Misri, cheo kilichompa mamlaka juu ya matabibu wa nchi nzima. Sultani Baybars, aliyetawala kuanzia 1260 hadi 1277, alimfanya tabibu wake mwenyewe. Juu ya hayo alisomesha fiqhi ya Kishafii katika madrasa ya Masruriyya mjini Kairo, akaanza kuandika sherehe ya kitabu cha Al-Tanbih cha Imamu Shirazi. Al-Subki alipokuja kuyakusanya maisha ya wanachuoni wa Kishafii, alimtia na Ibn al-Nafis. Wachache sana ni matabibu waliohesabiwa katika safu hiyo.

Waandishi waliokuja baada yake wamesimulia namna alivyokuwa akiandika. Yasemekana aliwekewa kalamu nyingi zilizokwisha kuchongwa, akaugeuza uso wake ukutani, akaandika kutoka kichwani bila kufungua kitabu. Wino ulitiririka kama maji ya mvua. Kalamu ikichoka huitupa akashika nyingine, asipoteze wakati kwa kuichonga. Siku moja alikuwa hamamuni akioga. Katikati ya kuoga likamjia wazo juu ya mapigo ya mshipa. Akatoka mpaka chumba cha kuvulia nguo, akaagiza kalamu, wino na karatasi, akaandika risala nzima, kisha akarudi kumaliza kuoga kwake. Kitabu chake kikubwa, Al-Shamil, alikusudia kifike juzuu 300. Alijaliwa kuzisafisha 80 tu, na hizo nazo ni kazi ambayo watu kumi wangejivunia.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Katika mwaka 1242, yaani 640 Hijria, Ibn al-Nafis akiwa na umri wa miaka 30 hivi, aliandika sherehe ya sehemu za Qanun ya Ibn Sina zinazoeleza maumbile ya ndani ya mwili. Wakati huo ulimwengu mzima wa tiba ulimfuata Galen, tabibu wa Kiyunani ambaye Waarabu walimwita Jalinus, aliyeishi zaidi ya miaka 1000 kabla yake. Galen alifundisha kwamba moyo una ukuta katikati, na kwamba ukuta huo una vitundu visivyoonekana kwa macho. Kwa vitundu hivyo, ati, damu hupenya kutoka chumba cha kulia hadi chumba cha kushoto. Ibn Sina naye alishika njia hiyo hiyo, na nani wa kumbishia Ibn Sina?

Ibn al-Nafis alibisha. Alieleza kwamba ukuta ule ni mnene na imara, wala hauna tundu, lionekanalo wala lisiloonekana. Basi damu hupita wapi? Akaeleza kwamba hutoka chumba cha kulia, hupanda kwa mshipa mnene uendao mapafuni, hutawanyika humo na kuchanganyika na hewa, na ile iliyo laini huchujwa ikapokewa na mshipa mwembamba unaoirudisha chumba cha kushoto. Akaongeza kwamba baina ya mishipa hiyo miwili kuna vijia vya kupitishia. Ilipasa ulimwengu ungoje hadi 1661, Marcello Malpighi wa Italia alipotazama pafu la chura kwa hadubini, ndipo vijia hivyo vikaonekana kwa jicho la mwanadamu. Lugha ya Ibn al-Nafis ni ya zama zake, na bado aliamini kwamba chumba cha kushoto ndimo inamotengenezwa roho ya uhai. Lakini njia yenyewe aliichora vilivyo.

Aliijuaje? Yeye mwenyewe ameandika kwamba sharia na huruma yake vilimzuia kupasua. Wataalamu wabishana hadi leo kama maneno hayo yachukuliwe kwa dhahiri yake. Mimi naona kwamba, hata akiwa alitegemea akili na vitabu peke yake, ujasiri wake ni ule ule. Alimheshimu Ibn Sina kiasi cha kumtumikia kwa sherehe na mukhtasari, na bado hakuogopa kusema kwamba hapa bwana mkubwa amekosa.

Mwaka 1284 Sultani Qalawun alimaliza kujenga hospitali kubwa ya Mansuri mjini Kairo. Ilikuwa na sehemu za wanaume na za wanawake, na mahali mbalimbali pa wenye homa, wenye maradhi ya macho na wenye kuhitaji kupasuliwa. Ibn al-Nafis alikuwa amekwisha kuwa mzee. Hakuoa, na hakuwa na mtoto wa kumrithi. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo kama dawa. Alikataa, kwa kuwa hakutaka kukutana na Mola wake tumboni mwake mna ulevi. Alifariki mwezi wa Dhulkaada mwaka 687, ambao ni Desemba 1288, umri wake ukikaribia miaka 80. Nyumba yake nzuri na vitabu vyake vyote aliviacha wakfu kwa hospitali ya Mansuri.

Baada ya hapo ndipo panapoanza ajabu. Yasimuliwa kwamba katika uhai wake alikuwa na yakini kuwa vitabu vyake vitadumu miaka 10,000. Kweli mukhtasari wake wa Qanun, uitwao Mujaz, ulisomwa sana, ukaandikiwa sherehe nyingi. Lakini ile habari ya njia ya damu mapafuni ilibaki imefunikwa ndani ya kitabu kingine ambacho wachache walikigusa. Ibn Abi Usaybi'a, aliyesoma Dameski kwa mwalimu yule yule, aliandika kitabu mashuhuri cha maisha ya matabibu. Katika nakala nyingi za kitabu hicho jina la Ibn al-Nafis halimo kabisa. Galen aliendelea kutawala.

Huko Ulaya, Michael Servetus aliandika habari ya damu kupita mapafuni mwaka 1553, na mwaka huo huo akachomwa moto Geneva kwa sababu ya itikadi zake za dini. Realdo Colombo akafuata mwaka 1559. Mwaka 1628 William Harvey wa Uingereza akadhihirisha mzunguko wa damu mwilini kote. Wako wenzetu wanaosema kwamba wote hawa waliiba kwa Ibn al-Nafis. Ni kweli kwamba Andrea Alpago wa Italia aliishi Dameski miaka mingi, na tafsiri yake ya baadhi ya maandishi ya Ibn al-Nafis ilichapwa Venice mwaka 1547. Lakini haijathibitika kwamba Servetus au Colombo walichukua kwake, nami sioni haja ya kumpa tabibu wetu sifa kwa kuwazulia wengine wizi. Harvey alipima na kujaribu, na kazi yake ni yake. Kwa Ibn al-Nafis yatosha kwamba aliwatangulia Servetus na Colombo kwa miaka 300 na zaidi.

Mwaka 1924 kijana wa Kimisri aliyekuwa akisomea udaktari Ujerumani, Muhyi al-Din al-Tatawi, alikifungua kile kitabu katika maktaba ya Berlin. Alisoma, akashangaa, akaandika juu yake risala ya kuhitimu katika chuo kikuu cha Freiburg. Daktari Max Meyerhof, Mjerumani aliyekaa Kairo, akaieneza habari hiyo katika miaka ya 1930, na vitabu vya historia ya tiba vikaandikwa upya. Miaka 682 ilikuwa imepita tangu wino ule kukauka.

Siku hizi kuwatunza wanaoshindwa kuvuta pumzi ni kazi yenye wataalamu wake. Marekani walikuwa na chama chao tangu 1947, kilichoundwa Chicago. Gonjwa la korona lilipoingia mwaka 2020, dunia nzima iliona thamani ya mtu ajuaye kuiendesha mashine ya kupumulia na kuipima oksijeni ya damu, na wengi walimwona kwa mara ya kwanza. Heshima ya kazi ndivyo ilivyo. Cheo hutolewa na sultani, na sultani akiondoka cheo hukosa mwenye kukikumbuka. Uraisi wa Ibn al-Nafis ulizikwa naye. Wakfu wake uliwafaa wagonjwa wasiomjua jina, na kweli aliyoiandika ilimngoja mtu mmoja mwenye subira ya kufungua kitabu.

Nasi huku Lamu, Pate, Siyu na Mombasa tunayo masanduku ya miswada ya wazee wetu, mengine yameliwa na mchwa, mengine hayajafunguliwa tangu mwenyewe kufariki. Sisemi kwamba kila sanduku lina Ibn al-Nafis ndani yake. Nasema kwamba hatuwezi kujua mpaka mtu akae chini asome. Berlin walikihifadhi kitabu chake, lakini aliyekisoma akaijua thamani yake alikuwa kijana aliyekijua Kiarabu na tiba kwa pamoja. Vijana wetu wa madrasa wanaoingia leo vyuo vya udaktari na uuguzi wana funguo hizo mbili mikononi. Mwenyezi Mungu amrehemu Ibn al-Nafis, na awape wao hamu ya kuzitumia.