Kirilo Japhet, Mtetezi wa Ardhi ya Wameru

1. Mlima na watu wake

Mlima Meru uko karibu na mji wa Arusha. Ni mlima mrefu, wa pili katika Tanzania baada ya Kilimanjaro. Mitelemko yake ina udongo mzuri na mvua ya kutosha. Wameru wamekaa upande wa mashariki wa mlima huu kwa miaka mingi. Huko wamelima ndizi, mahindi, maharage na kahawa. Wamefuga ng'ombe, mbuzi na kondoo.

Mkulima bila ardhi ni kama mvuvi bila maji. Wameru walilijua jambo hili tangu zamani. Kwa hiyo, walipotaka kunyang'anywa ardhi yao walisimama kuitetea. Hawakuitetea kwa mikuki wala kwa bunduki. Waliitetea kwa umoja, kwa maneno ya kweli na kwa maandishi. Mtu waliyemtuma kuwasemea alikuwa Kirilo Japhet. Hii ni habari ya maisha na kazi yake.

2. Ardhi inapungua

Wajerumani waliitawala Tanganyika kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Katika siku zao walichukua sehemu kubwa ya ardhi iliyouzunguka mlima Meru. Waliwapa walowezi wa Kizungu, na baadhi yao walikuwa Makaburu kutoka Afrika Kusini. Mashamba ya walowezi yaliuzunguka mlima kama mkanda kiunoni. Wameru wakabaki katikati, juu ya mlima. Njia ya kwenda malishoni ikawa nyembamba.

Baada ya vita hiyo Waingereza walishika utawala. Watu wa Meru waliendelea kuongezeka, lakini ardhi haikuongezeka. Vijana walioa, wakatafuta mahali pa kujenga na kulima. Wengi walishuka upande wa kaskazini mashariki, mahali paitwapo Ngare Nanyuki. Jina hili ni la Kimasai, na maana yake ni maji mekundu. Huko palikuwa na maji na malisho mazuri. Wameru walijenga nyumba, wakafuga, wakalima, wakajenga na kanisa.

3. Shauri la jaji Wilson

Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilimchagua jaji mmoja aitwaye Wilson kuchunguza shida ya ardhi katika sehemu za Arusha na Moshi. Taarifa yake ilitoka mwaka 1947. Ilikubali kwamba Waafrika walibanwa sana. Lakini ilitoa pia shauri jingine lililowadhuru Wameru.

Shauri hilo lilikuwa hivi. Nchi iliyo kati ya mlima Meru na mlima Kilimanjaro iwe ya Wazungu peke yao. Wafuge humo ng'ombe wa nyama na wa maziwa. Ngare Nanyuki ilikuwa ndani ya nchi hiyo. Basi ilitakiwa Wameru waondoke, wahamie Kingori, upande wa kusini mashariki.

Wameru walikataa. Walisema Ngare Nanyuki ni kwao, na Kingori hakufai kwa watu wala kwa mifugo yao. Serikali ilisema itawalipa fidia. Wameru wakakataa fidia pia. Waliona kwamba mtu akipokea fedha, amekubali kuuza. Nao hawakutaka kuuza.

4. Siku za Ngare Nanyuki

Tarehe 17 Novemba 1951 serikali ilianza kuwahamisha watu kwa nguvu. Askari polisi walifika Ngare Nanyuki. Watu walitolewa nyumbani mwao, na vyombo vyao vikatolewa nje. Nyumba zilibomolewa na kuchomwa moto. Kanisa nalo halikusalimika. Mifugo ilikusanywa na kuswagwa kwenda mbali, na mingi ilikufa.

Watu waliohamishwa walikuwa karibu 3,000. Walikuwamo wazee, watoto na wanawake wajawazito. Baadaye Wameru walieleza mbele ya mataifa kwamba wako waliokufa kwa sababu ya kuhamishwa huko, na wako wanawake walioharibu mimba.

Ardhi waliyoiacha ilikatwa ikawa mashamba 13 ya walowezi.

Jambo moja katika siku hizo ni la kukumbukwa. Wameru hawakupigana. Walikuwa na hasira, na walikuwa wengi. Lakini walikuwa wameshauriana, wakaona kwamba wakimwaga damu, serikali itapata sababu ya kuwaita wahalifu. Basi walikataa kuondoka kwa hiari yao, na pia walikataa kupiga. Hata baada ya kutolewa, wengi hawakwenda Kingori. Walipanda mlimani kwa ndugu zao. Nyumba ya watu watano ikalaza watu kumi. Shamba la migomba la familia moja likalisha familia mbili.

5. Chama na mchango

Wameru walikuwa na chama chao cha raia. Chama hiki ndicho kilichoongoza mashauri ya ardhi. Kirilo Japhet alikuwa mmoja wa viongozi wake. Alikuwa Mmeru, bado kijana, na alijua kusoma na kuandika vizuri.

Viongozi wa chama walijua jambo moja kubwa. Tanganyika haikuwa koloni kamili la Uingereza. Tangu mwaka 1946 ilikuwa nchi chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Maana yake ni kwamba Uingereza ilipewa nchi hii kuitunza kwa faida ya wenyeji. Nchi nyingine zilikuwa na haki ya kuuliza inatunzwaje. Na mwenyeji wa Tanganyika, hata mkulima wa kijijini, alikuwa na haki ya kupeleka malalamiko yake katika Baraza la Udhamini.

Haki hii ilikuwa imeandikwa katika karatasi. Lakini haki iliyoandikwa haimsaidii asiyeijua. Wameru walipoijua, waliamua kuitumia.

Walimtafuta wakili. Mjini Moshi palikuwa na wakili mweusi aitwaye Earle Seaton. Yeye alizaliwa Bermuda, visiwa vilivyo katika bahari ya Atlantiki. Seaton alikubali kuwasaidia. Wakaandika malalamiko yao, wakayapeleka Umoja wa Mataifa. Kisha wakaamua kwamba maandishi peke yake hayatoshi. Lazima aende mtu aliyetoka kwao, aseme kwa kinywa chake.

Safari ya Amerika ilitaka fedha nyingi. Watu wa Meru walichanga. Aliyekuwa na kingi alitoa kingi, na aliyekuwa na kidogo alitoa kidogo. Hata waliofukuzwa Ngare Nanyuki walichanga. Wakamchagua Kirilo Japhet awe mjumbe wao.

6. Mbele ya mataifa

Mwaka 1952 Seaton na Kirilo walikwenda New York, Marekani, penye makao ya Umoja wa Mataifa. Seaton alitangulia kusema katika Baraza la Udhamini. Kirilo alisema baada yake. Kirilo alikuwa Mwafrika wa kwanza kutoka Tanganyika kusimama na kusema mbele ya Umoja wa Mataifa.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Mtu ametoka mlimani Meru, katika migomba na kahawa. Anasimama mbele ya wajumbe wa mataifa makubwa. Wajumbe wa Uingereza, nchi inayomtawala, wako hapo hapo wanamsikiliza, nao wako tayari kumjibu. Kirilo hakuogopa. Alieleza jinsi watu walivyotolewa, jinsi nyumba zilivyoteketezwa na jinsi mifugo ilivyokufa. Alieleza kwamba Wameru wanataka jambo moja tu, yaani kurudishiwa ardhi yao.

Uingereza ilijibu kwamba mpango huo ulikuwa wa maendeleo, na kwamba Wameru walipewa ardhi nyingine. Mwezi wa Julai 1952 Baraza la Udhamini lilitoa uamuzi wake. Lilisikitika kwamba watu walihamishwa bila kupenda. Lakini halikuiamuru Uingereza kuirudisha ardhi.

Huzuni ya Baraza haikuwarudisha Wameru Ngare Nanyuki. Kirilo hakurudi nyumbani. Alibaki Amerika miezi kadhaa, akingoja mkutano mkubwa wa mataifa yote. Mwezi wa Desemba alisema tena, safari hii mbele ya kamati ya Mkutano Mkuu. Nchi nyingi za Asia, za Amerika ya Kusini na nyingine zilimwunga mkono. Kamati ikapiga kura kwamba Wameru warudishiwe ardhi yao.

Shauri likapelekwa katika Mkutano Mkuu wenyewe. Huko ilitakiwa theluthi mbili za kura, yaani kura mbili katika kila tatu. Waliokubali walikuwa wengi kuliko waliokataa. Hata hivyo hawakufika theluthi mbili. Shauri likaanguka.

7. Kushindwa kulikozaa ushindi

Kirilo alirudi Tanganyika bila ardhi mkononi. Je, safari yake ilikuwa bure?

Hapana. Kwanza, dunia nzima ilipata habari za Ngare Nanyuki. Serikali ya kikoloni ilijua sasa kwamba inatazamwa. Pili, watu wa Tanganyika walijua kwamba mtawala anaweza kushtakiwa. Kirilo alisafiri sehemu mbalimbali za nchi, akaeleza mambo aliyoyaona na kuyasikia. Watu wa makabila mengine waliona kwamba shida ya Wameru inaweza kuwa yao kesho.

Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam. Waanzilishi wake walikuwa watu 17, na Julius Nyerere akiwa rais wa chama. Katika orodha ya watu hao 17 limo jina la Japhet Kirilo. Ndiye huyo huyo mjumbe wa Wameru. Mwaka 1955 Nyerere naye alikwenda New York kusema katika Baraza la Udhamini. Alipita njia ambayo Kirilo alikwisha kuipita miaka mitatu kabla yake. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru bila vita.

Tukumbuke kwamba katika siku zile zile mambo hayakuwa hivyo kwa jirani zetu. Huko Kenya pia walowezi walikuwa wamechukua ardhi ya wenyeji. Mwezi wa Oktoba 1952, Kirilo alipokuwa bado New York, serikali ya Kenya ilitangaza hali ya hatari. Vita vya Mau Mau vilidumu miaka mingi, na maelfu ya watu walikufa.

Na ardhi ya Ngare Nanyuki ikawaje? Mashamba ya walowezi hayakustawi kama serikali ilivyotumaini. Mwishowe Wazungu waliondoka na Wameru wakarudi. Leo Ngare Nanyuki ina vijiji vya wakulima na wafugaji, na nyanya zake zinauzwa katika masoko mengi.

8. Kumbukumbu yake

Mwaka 1967 Kirilo na Seaton walitoa kitabu juu ya kesi ya ardhi ya Wameru. Kwa hiyo habari hii haikupotea pamoja na wazee walioiona. Seaton baadaye alikuwa jaji. Kirilo Japhet alifariki miaka mingi iliyopita, lakini jina lake halijasahauliwa Meru.

Mji wa Arusha umeendelea kuwa mahali pa kutafutia amani na haki. Mwaka 1993 mapatano ya amani ya Rwanda yalitiwa sahihi hapo, ingawa mwaka uliofuata yalivunjwa na mauaji ya kimbari. Mwaka 2000 mapatano ya Burundi yalitiwa sahihi hapo pia. Tangu mwaka 2007 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imekuwa na makao yake Arusha. Watu wanaofika katika mji huo kutafuta haki wanauona mlima Meru. Chini ya mlima huo wakulima waliwahi kutafuta haki yao wakati mahakama ya namna hiyo haikuwapo.

Tunajifunza nini kwa Kirilo Japhet? Hakuwa tajiri, wala hakuwa na jeshi. Nguvu yake ilitoka kwa watu waliomtuma. Watu hao walikubaliana kwanza, kisha wakachanga. Walijua haki yao, wakaiandika, wakaisema mahali panapostahili. Waliposhindwa mara ya kwanza hawakukata tamaa. Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini Wameru walikataa kupokea fidia?
2. Kwa nini hawakupigana na askari? Je, unadhani walifanya vema?
3. Nchi ya udhamini ilikuwa na tofauti gani na koloni?
4. Kirilo alishindwa katika kura, lakini safari yake ilileta faida. Taja faida mbili.
5. Katika kijiji chenu, mtu akinyang'anywa shamba lake leo, aende wapi kwanza kudai haki yake? Aende na karatasi gani?

Maneno ya kukumbuka

Fidia: malipo anayopewa mtu kwa kitu alichopoteza.
Mlowezi: mgeni anayehamia nchi ya wengine na kukaa humo.
Udhamini: kazi ya kutunza kitu kwa faida ya mwenyewe.
Theluthi: sehemu moja katika tatu.