TAFAKARI YA JUMAPILI: Rudi nusu ya njia

Johannes Kepler alizaliwa Ujerumani mwaka 1571. Utotoni aliugua ndui, ikamwachia macho dhaifu. Alisoma teolojia akitaka kuwa mchungaji wa Kilutheri, lakini mwaka 1594 akapelekwa kufundisha hesabu Graz, Austria. Akatambua kwamba hata elimu ya nyota humtukuza Mungu. Mwaka 1600 watawala Wakatoliki walimfukuza kwa sababu ya imani yake, tusilifiche hilo. Akahamia Prague.

Huko, mwaka 1604, mtu huyo mwenye macho dhaifu alitoa kitabu kuhusu mwanga. Washa taa ya chemli, shika Biblia mita 1 kutoka kwenye taa. Ukisogea hadi mita 2, mwanga uliotosha ukurasa mmoja sasa umeenea eneo la kurasa 4. Unabaki na robo. Kwenye mita 3 unabaki na sehemu moja ya tisa. Taa haijapunguza kitu. Kepler alifariki mwaka 1630.

Wapendwa, wapo wenzetu hapa Singida walioacha ibada miaka mingi, wakidhani Mungu amewapa kisogo. Jumapili hii mpitie mmoja wao. Mwambie kwamba anayerudi nusu tu ya njia hupata mwanga mara 4.